Sura ya Saba: Kisu Chenye Pengo

Asubuhi ile hospitali ilikuwa na amri mbili, na zote mbili zilivunjwa kabla ya saa tatu. Ya kwanza ilibandikwa kwenye kibanda cha mlinzi: mkataji wa maabara ya tishu, aliyesimamishwa kazi, asiruhusiwe kupita. Ya pili haikuandikwa popote. Mkuu wa kituo cha polisi aliitoa kwa simu saa mbili kasorobo, akimtaka Sajini achukue maelezo mafupi, aandike neno "uzembe", afunge jalada na arudi.

Sajini huyo kituoni walimwita Kupe. Jina lilianza kwa kusengenywa, maana akishang'ang'ania kesi hang'oki mpaka ashibe. Yeye alipolisikia akalichukua, akawa anajitambulisha nalo hata kwa wageni, na waliokuwa wakimcheka wakakosa la kucheka.

Mkataji alikuwa akimngoja nje ya lango. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi na kukunjwa mkononi kama mtu aendaye zamu. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yake ilikuwa kukata nyama za wagonjwa vipande vyembamba kuliko karatasi, na wenzake walimwita Bi Wembe. Walikuwa hawaelezi kama ni kwa ajili ya kisu au kwa ajili ya ulimi.

Mlinzi alisema ana maagizo. Kupe akamweleza kwa upole kwamba huyu mama ni shahidi wa polisi, na kwamba shahidi akizuiwa mlangoni hufunguliwa jalada lake peke yake, na jina la juu kabisa katika jalada hilo huwa la aliyezuia. Mlinzi alipima, akaona lango ni la hospitali lakini jina ni lake. Akafungua.

Kesi yenyewe ilianzia ng'ambo ya reli, katika kiwanda chenye chumba cha kusaga mawe. Kijana mmoja waliyemwita Tindo alifanya kazi humo miaka sita, kisha kifua kikaanza kumbana. Alichomwa sindano ya mapafu, vikatolewa vijinyama, vikaletwa maabara hii. Majibu yakasema kifua kikuu. Akameza dawa miezi mitatu huku akirudishwa kwenye mawe yale yale. Makohozi yakapimwa mara mbili yasionyeshe kitu, naye akazidi kukauka kama kuni.

Dada yake alikuwa fundi cherehani, mtu asiyekubali mshono uliopinda. Aliichukua slaidi, kile kioo chembamba chenye kipande cha nyama ya mdogo wake, akaipeleka kwa daktari wa hospitali nyingine. Huyo aliitazama dakika mbili akamwambia imetengenezwa ovyo, haiwezi kuaminiwa. Warudi kwenye bloku, yaani kitofali cha nta ambamo nyama yenyewe huhifadhiwa, wakate upya. Bloku ikatafutwa, haikuonekana. Meneja wa maabara akaandika kwamba Bi Wembe ameipoteza kwa uzembe, akamsimamisha kazi, akamletea barua ya kukiri atie sahihi. Bi Wembe hakutia. Dada yake Tindo naye hakukubali kuambiwa "pole, imepotea", akaenda polisi.

Kilichobaki ni hiki: Tindo sasa hana pumzi ya kuchomwa sindano nyingine. Na wenzake saba wa chumba cha mawe wanakohoa. Kama ni vumbi lililomla mapafu, sheria inataka chumba kifungwe siku hiyo hiyo. Kama ni kifua kikuu, kila mtu na bahati yake.

Kulikuwa na neno moja zaidi, ambalo Kupe aliliandika peke yake kwenye ukurasa mzima. Dada mtu alimwambia kwamba msimamizi wa kiwanda aliwatangazia wafanyakazi kuwa Tindo ana kifua kikuu. Aliwatangazia Jumatatu. Majibu yalitoka Alhamisi.

*

Maabara ilikuwa vyumba vitatu vilivyofuatana, na harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, iliyokata pua. Dada yake Tindo alikwishafika, amekaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba magotini. Kupe alimpa mkono, akamwomba asiondoke.

Ndani walipokelewa na Daktari Bingwa, mzee wa miwani minene ambaye ndiye aliyesoma slaidi na kutia sahihi majibu, na Meneja, mwanamume nadhifu wa miaka arobaini na tano, mwenye funguo nyingi kiunoni. Meneja alipomwona Bi Wembe alisema kwa sauti ya kuhurumia kwamba mama hana ruhusa ya kuwa humu. Kupe akamjibu kwamba leo ruhusa zinatoka kwake, kisha akafungua bahasha ya ushahidi, akaitoa ile slaidi na kumkabidhi Bi Wembe.

Bi Wembe hakuiweka chini ya hadubini. Aliishika kingoni kwa vidole viwili, akaenda nayo dirishani, akaiinamisha huku na huku kwenye mwanga. Aliwaeleza anachokiona kama mtu anayesoma barua ya matusi. Nyama ilikuwa nene, ndiyo maana rangi imekuwa nzito kama wino. Pembeni palikuwa na kunjo, kwa sababu utepe wa nta ubebao nyama haukuachwa utanuke vizuri juu ya maji ya uvuguvugu. Chini ya kioo cha kufunikia palikuwa na povu. Na katikati, kutoka juu hadi chini, ulipita mchirizi mnyoofu, alama ya kisu kilichomeguka.

"Hii si yangu," alisema.

"Kila aliyeharibu husema hivyo," Kupe akamwambia.

"Basi usinisikilize mimi. Toa za siku ile uziangalie mwenyewe. Macho si unayo?"

Kupe alipenda jibu hilo, ingawa hakuonyesha. Alimwomba Daktari Bingwa slaidi zote zilizokatwa siku moja na ya Tindo. Zilikuwa kumi na moja nyingine, zimepangwa kwa namba katika trei. Akazibeba moja moja hadi dirishani. Zilikuwa nyepesi, zambarau na waridi zimeachana kama nguo na upindo wake, bila povu wala mkunjo. Aliitazama iliyotangulia ya Tindo na iliyoifuata. Hazikuwa na mchirizi. Hakuna hata moja kati ya kumi na moja iliyokuwa na mchirizi.

Akauliza siku ile vilitumika visu vingapi. Meneja alidakia kwamba hilo nani analikumbuka, miezi mitatu imepita. Bi Wembe akaelekeza kidole rafuni, kwenye kitabu cha visu, kwa kuwa kila kisu kipya huandikwa. Siku ile kilikuwa kimoja, tangu asubuhi hadi jioni.

Kupe alikaa kwenye kigoda cha mashine ya kukatia, akafikiri kwa sauti, taratibu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kisu kikiwa na pengo, pengo hilo halichagui mgonjwa. Lingemchora aliyetangulia, au lingemchora aliyefuata. Slaidi ya Tindo imechorwa peke yake, kwa hiyo haikukatwa siku ile. Iliandikwa namba ya siku ile, ikachomekwa kwenye trei ya siku ile, lakini imekatwa siku nyingine na mtu mwingine.

Meneja alisema hayo ni maneno ya kupendeza lakini kazi ya maabara haiko hivyo, mkono huteleza. Kupe alikubali kwamba mkono huteleza. Kisha akaomba kitabu cha kupokelea sampuli, akatafuta mstari wa Tindo, na kuusoma: vijiuzi vitatu vya nyama, kila kimoja chembamba kama uzi wa kushonea. Chini palikuwa na herufi za mkono wa Daktari Bingwa.

"Daktari, kwenye kioo viko vingapi?"

Daktari Bingwa aliichukua slaidi. Hakuhitaji hadubini kuhesabu, lakini alikawia.

"Viwili," alisema.

*

Hapo Kupe aliwatoa wengine nje, akabaki na mzee peke yake. Alikuwa amemshuku tangu jana, kwa sababu sahihi ni yake na mtu wa elimu ile hapitwi na kitu cha wazi kama hicho. Alimuuliza bila kupamba: aliona slaidi mbovu, akahesabu viwili palipoandikwa vitatu, na bado akatia sahihi, alilipwa fadhila gani na nani?

Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililomshtua Kupe. Alivua miwani, akasema hakuhesabu. Slaidi arobaini, za siku kadhaa, zilikuwa mezani pake. Aliiona kuwa mbovu, ndiyo, na akaandika karatasi kuomba bloku ikatwe upya. Akaletewa jibu kwamba nyama imekwisha ndani ya nta, hakuna cha kukata. Chini ya hadubini kilichokuwapo kilikuwa kifua kikuu cha wazi kabisa, hata mwanafunzi angekitambua. Akatia sahihi.

"Nilijua kazi ile si ya mama yule," alisema. "Nimesoma slaidi zake miaka kumi na minane. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kuuliza ni kazi na mimi nilikuwa nimechoka. Andika hivyo hivyo."

Kupe aliandika hivyo hivyo. Kisha akauliza lile jibu la "nyama imekwisha" lililetwa na nani.

"Meneja mwenyewe. Alikuja nalo mkononi."

Simu ya Kupe ililia. Alikuwa mkuu wa kituo, akiuliza jalada limefungwa au bado, kwa sababu kuna watu wanauliza. Kupe akataka kujua ni watu gani. Mkuu akasema si kazi yake kujua, na kwamba kama hatakuwa kituoni saa sita, kesho atakuwa anaongoza magari barabarani. Kupe alimjibu kwamba barabara anaipenda, ina hewa safi, lakini kesho ni kesho. Akaizima simu na kuitia mfukoni.

*

Chumba cha tatu kilikuwa ghala la bloku: makabati ya chuma hadi darini, droo nyembamba mamia kwa mamia, na katika kila droo vitofali vya nta vimepangwa kama meno. Bi Wembe alimwonyesha jinsi vinavyohifadhiwa. Bloku ikishakatwa, uso wake huachwa uchi, nyama iko nje. Hivyo kabla ya kuwekwa ghalani huchovywa kwenye nta ya moto ili uso uzibwe, usikauke. Bloku zote za ghalani zina uso unaong'aa.

Kupe akasema kwamba aliyeghushi slaidi ya kifua kikuu lazima aliipata nyama ya kifua kikuu mahali fulani, na mahali pa karibu ni hapa. Akaomba bloku zote za mapafu yenye kifua kikuu zilizotolewa kwa sindano. Daktari Bingwa akazitafuta kwenye rejista, zikapatikana kumi na tisa. Bi Wembe akazitoa moja moja na kuziinamisha kwenye taa, na kila moja ikarudisha mwanga kama kioo.

Ya kumi na nne haikurudisha chochote. Uso wake ulikuwa mkavu, uchi, umekatwa na haukuzibwa.

Ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyetibiwa miaka miwili iliyopita akapona. Ndani ya nta mlikuwa na vijiuzi viwili, kimoja kimenyooka, cha pili kimepinda nchani kama ndoana. Kupe aliiweka slaidi ya Tindo juu yake. Alihangaika nayo kidogo, akaigeuza, na vijiuzi vikalala juu ya vijiuzi, ndoana juu ya ndoana.

Kupe akamgeukia Meneja, aliyewafuata ghalani, akamwomba kitabu cha funguo za ghala. Meneja alisema kiko ofisini, kisha akasema huenda kimejaa na kutupwa, kisha Daktari Bingwa akakichukua kutoka msumarini nyuma ya mlango, mahali ambapo hukaa siku zote. Katika siku tano za kabla ya majibu ya Tindo ghala lilifunguliwa mara moja tu, na sahihi ilikuwa ya Meneja.

"Nilikuwa nahesabu droo," Meneja alisema. "Na hata kama mtu alikata bloku hii, mkataji hapa ni mmoja. Mimi sijashika kisu miaka kumi."

"Hilo linaonekana," Bi Wembe akasema. "Hata povu ni lako. Nilikufundisha kioo cha kufunikia kinalazwa kwa upande, polepole, hewa itoke. Wewe ulikuwa unakidondosha. Ulikuwa unakidondosha wakati ule, na bado unakidondosha."

Meneja aliguna, akamwambia Kupe kwamba mahakama haifungi watu kwa mapovu. Kupe akakiri kwamba hilo ni kweli. Akafungua daftari lake kwenye ule ukurasa wenye neno moja, akamsomea: Jumatatu msimamizi wa kiwanda alijua majibu ya Alhamisi. Kisha akamuuliza mke wake ni ndugu ya nani.

Meneja alishika funguo za kiunoni zisilie. Daktari Bingwa, ambaye alikula karamu ya harusi ile, ndiye aliyejibu kwa niaba yake: msimamizi wa kiwanda ni shemeji yake, kaka wa mkewe, toka nitoke.

"Haya, tuseme yote hayo ni kweli," Meneja alisema baadaye, na sauti ya huruma ilikuwa imemtoka. "Mtu wa mawe hawezi kupata kifua kikuu? Wanapata kila siku. Bloku yake haipo na haitakuwapo. Utathibitisha nini, afande? Kwamba slaidi si yake? Sawa. Lakini yake ilisema nini? Hakuna anayejua."

Kupe alijua kwamba hapo amepigwa. Angeweza kumfunga mtu huyu, lakini Tindo angebaki bila majibu, na wale saba wangerudi kwenye vumbi kesho.

Ndipo Bi Wembe alipovaa koti lake. Alilikunjua bila haraka, akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni.

"Mimi najua," alisema.

Akaeleza kwamba mwaka jana Meneja alitoa waraka: mkataji asipoteze vioo kwa kukata vipande vya akiba. Yeye aliusoma, akatia sahihi ya kuupokea, na kuukaidi tangu siku hiyo hadi aliposimamishwa. Nyama ya sindano ni kidogo, ikiisha imeisha. Mkataji anayejua kazi hukata mara moja na kuweka vioo vinne vya akiba, havijapakwa rangi, mtu asije akachomwa sindano mara mbili kwa ajili ya uvivu wa maabara. Vioo hivyo aliviweka kwenye sanduku la mbao, juu ya kabati la joto, nyuma ya chupa za spiriti, mahali ambapo mtu wa ofisini hachafui mikono kupekua.

Kupe alimuuliza, na safari hii hakuificha hasira yake, kwa nini hakusema tangu asubuhi.

"Ningemwambia nani? Aliyenifungia mlango? Na wewe nilikuwa sikujui, mwanangu. Nilitaka nione kwanza kama utahesabu nyuzi."

Sanduku lilikuwapo. Meneja alisogea kulifikia akasema ni mali ya maabara, mama huyu amesimamishwa, na chochote atakachopaka rangi ni batili. Kupe alisimama katikati yao. Lakini aliyesema neno lililohitajika ni Daktari Bingwa.

"Kipimo ni batili kama mimi nikisema ni batili. Mama, paka rangi. Nitasimama hapa nitazame kila hatua, na nitaandika kuwa nimetazama."

Kazi ilichukua muda, na Bi Wembe hakuiharakisha hata chembe. Kioo kiliingia kwenye kabati la joto mpaka nta ikalegea, kikachovywa kwenye dawa ya kuyeyushia nta, kisha kwenye spiriti kali, kisha hafifu, kisha maji. Akakitia kwenye rangi ya kwanza na kuhesabu dakika kwa midomo. Alipokiweka chini ya bomba, wekundu ukageuka bluu taratibu mbele ya macho yao. Akakitia kwenye rangi ya pili, ya waridi, akakirudisha kwenye spiriti. Mwisho alidondosha tone la gundi, akalaza kioo cha kufunikia kwa upande, na hewa ikatoka yote.

Kupe aliviona kwa macho yake, vijiuzi vitatu.

Daktari Bingwa alikaa kwenye hadubini. Alisogeza slaidi huku na huko, akapita uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. Aliingiza vioo viwili maalumu vya kuchuja mwanga, akatazama tena. Alipoinuka aliwaeleza kwa maneno ambayo Kupe angeweza kuyaandika: hakuna kifua kikuu. Kuna vifundo vya makovu vilivyojizungusha tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na ndani yake vumbi la mawe linalong'aa kama mchanga juani. Mapafu haya yamesagwa pamoja na mawe.

Akachukua karatasi, akaandika majibu mapya kwa mkono, akafuta yale ya zamani kwa sahihi yake, na chini akaandika jina la aliyetengeneza slaidi. Kupe alimpeleka ukumbini ayasome kwa sauti mbele ya dada yake Tindo.

Dada mtu alisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza swali moja: kuna dawa? Daktari Bingwa hakumdanganya. Alisema zile za kifua kikuu aache leo, kuna za kumpunguzia shida ya pumzi, lakini jiwe likishaingia halitoki. Kinachoweza kufanywa ni kumtoa kwenye vumbi, yeye na wenzake, kabla hawajafika alipofika. Alisema pia kwamba majibu ya kwanza aliyasaini yeye, na kwamba anaomba radhi.

Yule mwanamke hakulia wala hakumpokea radhi yake. Aliikunja karatasi mara moja, akaiingiza mkobani, akamwuliza Kupe ni saa ngapi.

"Saa saba na nusu."

"Zamu ya mawe inatoka saa nane. Nataka niwasomee getini, wote saba, kabla ya yule msimamizi kuwasimulia la kwake."

Kupe aliwasha simu. Kulikuwa na miito tisa ya mkuu wa kituo. Aliirudisha mfukoni, akamfunga Meneja pingu, akamnyang'anya zile funguo na kumkabidhi Bi Wembe, ambaye alikwisharudi kwenye mashine yake na alikuwa akifungua kisu kipya.

Nje alimfungulia dada yake Tindo mlango wa mbele wa gari, na kumwonyesha Meneja kiti cha nyuma. Meneja alipoona gari limeipita njia ya kituoni na kushika ya kuvuka reli, alimwambia afande kwamba amepotea njia.

"Sijapotea," Kupe alisema. "Pingu ninazo mbili, na shemeji yako anatoka saa nane."

Akakanyaga mafuta.